Kutoka Uchuuzi hadi Ufugaji: Kaka Yangu, Ng'ombe Wake na Simu Niliyopiga



Kuna swali vijana wananiuliza karibu kila wiki. Kijana anakuja ofisini, au ananishika mkono mnadani, anasema: "Bwana mifugo, nina mtaji wangu kidogo. Nifanye biashara ya ng'ombe, yaani ninunue huku niuze kule, au nitulie nifuge?" Kwa muda mrefu nilikuwa najibu kwa maneno ya darasani. Leo nitajibu kwa kusimulia maisha ya kaka yangu, maana yeye amefanya yote mawili, na yote mawili yamempa faida na yamemuumiza. Nimemwomba ruhusa kwanza. Akasema, "Andika, ila usiweke jina langu, na usijifanye wewe ndiye shujaa." Masharti yote mawili nitayafuata.

Nyumba ya wachuuzi

Sisi ni watoto wa mchuuzi wa ng'ombe. Mzee wetu alikuwa ananunua ng'ombe bondeni, Kamsamba na Ivuna, mara nyingine anavuka Mto Momba hadi Kilyamatundu upande wa Rukwa. Halafu anawaswaga kupanda juu mpaka Mlowo, Vwawa na Tunduma. Siku hizo Daraja la Momba halijajengwa. Masika mto ukijaa, mnakaa ukingoni mnasubiri, hela imelala na ng'ombe wanakonda. Mto ukipungua mnavuka, halafu mnatembea siku nne au tano.

Biashara ilikuwepo kwa sababu rahisi tu. Bondeni kuna malisho na mifugo mingi, na ikazidi kuwa mingi baada ya ndugu zetu Wasukuma kuhamia na makundi yao. Huku juu kuna watu wenye hela mkononi: wakulima wa kahawa na mahindi wa Mbozi, na mpakani Tunduma. Barabara kuu ya kwenda Zambia ilipowekwa lami, na reli ya TAZARA ilipoanza kazi mwaka 1976, Tunduma ikawa mji wa madereva, wabeba mizigo na wasafiri. Wote hao wanataka supu asubuhi na nyama jioni. Mzee aliliona hilo mapema.

Mimi na kaka tulilelewa kwenye kazi hiyo. Kaka alianza kuswaga akiwa na miaka kama kumi na miwili. Mimi nilikuwa mdogo, kazi yangu ilikuwa kushika daftari. Mzee hakusoma sana, lakini kila ng'ombe aliandikwa: amenunuliwa wapi, kwa nani, shilingi ngapi, rangi gani, ameuzwa kwa nani. Jioni ananiambia nimsomee, anasikiliza huku amefumba macho.

Alikuwa na kanuni tatu. Ya kwanza: mjue mnunuzi kabla hujanunua. Hakuwahi kununua ng'ombe akiwa hajui bucha gani itamchukua. Ya pili: mtazame ng'ombe kwa nyuma kwanza, halafu ubavuni, mwisho mdomoni. Nyuma unaona nyama, ubavuni unaona pumzi, mdomoni unaona umri. Ya tatu ndiyo aliyoirudia kuliko zote: ng'ombe wa mchuuzi hatakiwi kulala zizini. Akilala siku moja amekula faida, akilala siku tatu ameanza kula mtaji.

Ninaomba uikumbuke hiyo ya tatu. Ndiyo iliyolea familia yetu na kunisomesha mimi hadi nikawa afisa mifugo. Na ndiyo hiyo hiyo iliyokuja kutuponza.

Kaka anaamua kufuga

Mzee alipozeeka, kaka alishika biashara. Lakini mambo yalikuwa yamebadilika. Zamani mtu wa Kamsamba hakujua bei ya Tunduma mpaka mtu arudi amwambie. Simu za mkononi zilipoenea, bei inajulikana kabla ng'ombe hajatoka zizini. Malori yakaanza kushuka bondeni, kila kijana mwenye laki chache akawa mchuuzi, na madalali wakawa wengi kuliko wanunuzi. Tofauti ya bei ambayo Mzee aliishi nayo ikawa nyembamba.

Kaka akafikiri vizuri. Akasema: kama siwezi tena kupata faida kwa kumhamisha ng'ombe, nitaipata kwa kumkuza. Akanunua eneo huku juu, akajenga zizi, akaanza na mitamba ya kienyeji, akatafuta dume chotara la Boran. Pembeni akawa ananunua madume waliokonda, anawalisha pumba na mashudu miezi mitatu, anauza machinjioni. Watu wakaanza kumwita mfugaji wa kisasa. Mimi mwenyewe nilipeleka vijana kwake wajifunze.

Ila ndani yake bado alikuwa mchuuzi. Ng'ombe wa bei nzuri akipita barabarani, hawezi kumwacha. Atanunua jioni, atamwingiza zizini usiku, kesho asubuhi anachunga na wengine. Wale wa kunenepesha, mitamba yake na ndama wote wanakunywa kwenye birika moja. Hakuna kutenga, hakuna kuuliza kibali, hakuna kuuliza huyu ametoka wapi.

Nami niliona. Nilikuwa nakwenda kwake Jumapili, nakaa chini ya mwembe, shemeji ananiletea chai, nawatazama wale ng'ombe wageni wamechanganyika na wenyeji, nanyamaza. Kwa wafugaji wengine nilikuwa nahubiri karantini kila mkutano. Kwa kaka yangu nilikuwa nakunywa chai. Ni mkubwa wangu, alinilipia ada, ningeanzaje kumwambia hajui ng'ombe? Hilo ndilo kosa langu katika habari hii.

Ile wiki

Siku moja kaka alinunua madume sita kwa mtu aliyekuwa anawapitisha njiani. Bei ilikuwa chini mno. Mzee angeuliza kwa nini. Kaka hakuuliza.

Wiki za mwanzo hapakuwa na shida yoyote. Kama mwezi na nusu baadaye dume mmoja akaanza kukohoa, hasa asubuhi akiinuka na akikimbizwa kidogo. Kaka akamchoma sindano ya dukani. Akapata nafuu, akala, kaka akafurahi. Kisha akaanza mtamba wake mwenyewe. Kisha wawili. Mmoja alikuwa anasimama amenyoosha shingo mbele, viwiko amevitanua nje, anaguna kila akitoa pumzi, hataki kulala. Ndama wawili wakavimba magoti.

Ndipo akanipigia simu. Akaniita "mdogo wangu", hakuniita "afisa". Akasema: "Njoo uwaone ng'ombe, lakini njoo peke yako."

Nilipofika nilikuta lori limesimama. Yupo tajiri mmoja amekuja na hela taslimu, anataka kuchukua kundi zima, wanaokohoa na wasiokohoa, kwa bei ya hasara lakini siyo hasara ya kufa. Usiku huo huo wangeondoka. Kaka akanivuta pembeni. Sijamsahau alivyosema: "Wewe kazi yako ni kunyamaza tu. Kesho hapa hapana ng'ombe, hapana ugonjwa, hapana kesi. Nitaanza upya."

Nataka uelewe kwamba kaka si mtu mbaya. Alifanya kile tulichofundishwa: ng'ombe hatakiwi kulala. Akiwa mgonjwa ndiyo kabisa, mtoe. Wachuuzi wengi wangefanya hivyo, na wengi wanafanya. Ndiyo maana wale sita walikuwa bei ya chini. Kuna mtu mwingine mahali fulani alikuwa ameshawatoa kwake namna hiyo hiyo.

Nilimtazama yule mtamba anayeguna. Dalili zote zilikuwa za homa ya mapafu ya ng'ombe. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikampigia simu daktari wa mifugo wa wilaya. Halafu nikarudi nikamwambia kaka nimepiga. Tajiri alisikia, akawasha lori akaondoka.

Kaka hakupiga kelele. Alisema tu, "Umeniuza, mdogo wangu," akaingia ndani.

Yaliyofuata

Timu ilikuja. Mnyama mmoja aliyekuwa hoi alichinjwa, tukafungua kifua. Ndani kulikuwa na maji mengi ya njano, na pafu la upande mmoja limegandana na mbavu, gumu kama ini. Sampuli zilikwenda maabara na majibu yakathibitisha. Karantini ikatangazwa. Hakuna ng'ombe kuingia wala kutoka, na mnada wa jirani ukafungwa.

Kaka alikuwa na ng'ombe 46. Alipoteza 17, wengine kwa kufa, wengine kwa kuchinjwa. Lakini kilichomuumiza zaidi ni majirani. Kuna mama mmoja mjane alikuwa amepanga kuuza maksai wake wawili mwezi ule ili alipe ada ya mtoto. Ng'ombe wake hawakuwa na kikohozi chochote, ila hakuweza kuuza. Alikuja kwa kaka akasimama getini, hakusema neno, akaondoka. Mimi naye hakunisalimia msibani wala kanisani kwa muda mrefu.

Kaka hakuzungumza na mimi kwa miaka miwili. Tulikutana kwenye mazishi ya Mzee, tukashika jeneza upande mmoja, kila mtu akaenda kwake.

Kwa nini ukanda wetu unatazamwa hivi

Vijana wananiambia, "Bwana mifugo, mnatusumbua sana na vibali. Ng'ombe ni ng'ombe." Sasa nikueleze historia kidogo, maana wengi hamjui mmezaliwa mahali gani.

Ukanda huu kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ni kama mlango. Ugonjwa wa mifugo ukitoka kaskazini kwenda kusini mwa Afrika, njia yake mojawapo kubwa ni hapa. Sotoka ya miaka ya 1890 iliteketeza ng'ombe na wanyamapori wa Afrika Mashariki, ikashuka hadi kusini mwa bara na kuacha watu wakifa njaa. Ilipotishia kushuka tena mwishoni mwa miaka ya 1930, serikali za kikoloni ziliweka kizuizi katika ukanda huu huu: ng'ombe waliochanjwa na uzio wa kuzuia wanyamapori, ili isivuke kuingia Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011.

Homa ya mapafu ya ng'ombe yenyewe, nchi yetu iliwahi kuiondoa, mwaka 1964. Ikarudi mwaka 1990 kupitia kaskazini, na ndani ya miaka ile ya 90 ikasambaa hadi huku kusini. Haikuletwa na upepo kutoka kaskazini hadi kwetu. Ilikuja na ng'ombe wanaohama, wanaouzwa, wanaoswagwa usiku.

Ukitaka kujua inaweza kufanya nini, tazama Botswana. Mwaka 1995 iliingia katika wilaya ya Ngamiland. Serikali yao iliamua kuchinja ng'ombe wote wa eneo lile ili kuokoa soko lao la nyama. Waliuawa ng'ombe takriban 320,000. Watu waliamka wakiwa wafugaji, wakalala hawana hata ndama.

Na kitu cha kujivunia: kimelea kilichotumika kutengeneza chanjo inayotegemewa zaidi Afrika dhidi ya ugonjwa huu, ile inayoitwa T1/44, kilipatikana hapa kwetu, Tanganyika, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Dawa ya kujikinga ilitoka nyumbani. Kazi yetu ni kuitumia tu.

Ujue adui yako

Ugonjwa huu unaenea kwa pumzi na kikohozi, ng'ombe akiwa karibu na ng'ombe. Hauambukizi binadamu. Ubaya wake ni mambo mawili.

Kwanza, unachelewa kuonekana. Ng'ombe anaweza kuambukizwa leo na dalili zikaja baada ya wiki tatu, au baada ya miezi kadhaa. Ndiyo maana wale sita wa kaka walionekana wazima.

Pili, anayepona anaweza kubaki na kifuko cha ugonjwa ndani ya pafu. Kwa nje ananenepa na kung'aa, ndani amebeba. Sindano ya dukani inamletea nafuu, lakini haikuhakikishii kwamba ugonjwa umetoka. Inaficha dalili, na wewe unamuuza ukiamini amepona. Ukiona kikohozi cha kundi, usichome. Piga simu. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inakutaka utoe taarifa.

Simu ya kaka

Baada ya ile miaka miwili, asubuhi moja kaka alipiga simu. Hakutaja yaliyopita. Akasema: "Mdogo wangu, nimejenga zizi la pili. Njoo na utepe wako unipimie ng'ombe."

Nilikwenda. Zizi la pili lilikuwa mbali na la kwanza, upande wa pili wa shamba, na upepo hautoki huko kuja kwa mitamba. Lilikuwa na birika lake, ndoo zake, na kijana wake wa kulisha ambaye hakanyagi kwa mitamba. Kaka alikuwa amekaa miaka miwili anafikiri, na alikuwa amepata jambo ambalo hata mimi sikuwahi kulifundisha vizuri hivyo.

Utaratibu wake ni huu. Madume wa kunenepesha wananunuliwa kwa mkupuo, 12 kwa wakati mmoja, mnadani, kwa kibali na stakabadhi. Wanaingia zizi la pili siku moja. Wananyunyiziwa dawa ya kupe na kupewa ya minyoo siku hiyo hiyo. Wanakaa siku 90. Wakitoka wanakwenda machinjioni tu. Hawarudi kundini, hawauzwi kwa mfugaji mwingine. Zizi linafagiliwa, linapumzishwa, ndipo wengine wanaingia. Kwa hiyo siku zile za kunenepesha ndizo karantini yenyewe, na hazimpotezei hela, maana ng'ombe anaongezeka uzito.

Mitamba na majike hawanunuliwi ovyo tena. Akihitaji damu mpya ananunua kwa mtu anayejulikana, kundi lenye rekodi ya chanjo, na mgeni anatengwa mwezi mmoja kwa uchache. Mwezi mmoja unatosha kuonyesha magonjwa mengi, ila kwa homa ya mapafu hautoshi peke yake. Hivyo anauliza pia kundi alikotoka limekuwaje mwaka mzima. Na kundi lake lote linachanjwa kila mwaka.

Hesabu ya zizi la pili

Sasa tuje kwenye hela, najua ndiyo mnayosubiri.

Jicho la mchuuzi ni zuri, lakini utepe haudanganyiki. Zungusha utepe kifuani nyuma ya miguu ya mbele. Pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya nyonga ya nyuma. Zidisha kifua kwa kifua, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Sentimita 140 kifuani na 120 kwa urefu zinakupa kama kilo 217. Ni makadirio, ila yatakuokoa na dalali.

Chukua namba za mfano, wewe weka za mnada wako. Tuseme kulisha, dawa na kijana wa kazi ni shilingi 1,800 kwa ng'ombe kwa siku. Siku 90 ni 162,000. Tuseme kilo moja ya ng'ombe hai ni 4,000.

Akiongezeka nusu kilo kwa siku, amepata kilo 45, sawa na 180,000. Toa gharama, umebaki na 18,000. Hiyo ni kazi bure.

Akiongezeka gramu 700 kwa siku, amepata kilo 63, sawa na 252,000. Toa gharama, umebaki na 90,000. Ng'ombe yule yule, zizi lile lile, faida mara tano.

Gramu hizo 200 zinatoka wapi? Hapo ndipo jicho la Mzee linarudi. Kaka anachagua dume mwenye mifupa mirefu na mgongo mpana, aliyekonda kwa njaa na siyo kwa ugonjwa. Anafungua mdomo: meno mawili makubwa ya mbele, takriban miaka miwili hadi miwili na nusu. Mwenye meno manane ameshavuka minne, huyo mwachie mwingine. Anamtembeza kidogo amsikilize pumzi. Halafu zizini kuna maji muda wote, pumba na mashudu vinapimwa kwa ndoo, majani makavu hayakosi, na chumvi ipo. Kila baada ya wiki mbili utepe unapita. Asiyeongezeka kwa vipimo viwili mfululizo anatazamwa na mtaalamu.

Yote yanaandikwa kwenye daftari. Nililitazama lile daftari nikanyamaza kidogo. Limechorwa mistari vile vile kama la Mzee, ila ameongeza safu mbili: tarehe ya chanjo na namba ya kibali.

Ya kuchukua na ya kuacha

Kwa hiyo kijana mwenzangu, mchuuzi usimdharau. Chukua kwake haya:

1. Mjue mnunuzi kabla ya kununua. Ongea na machinjio au bucha kabla ng'ombe hajaingia zizini. Usilishe siku 90 halafu ndiyo uanze kutafuta soko.

2. Andika kila kitu. Kumbukumbu ya kichwani haioni hasara ndogo ndogo.

3. Jifunze jicho. Nenda mnadani mara tano bila hela mfukoni, kaa karibu na wazee, kadiria uzito kisha pima.

4. Bei ikiwa chini mno, uliza kwa nini. Usipopata jibu la kueleweka, ondoka.

Na haya yaache:

1. Kununua njiani bila kibali. Tangu mwaka 2019 Tunduma na Nakonde wana kituo cha pamoja cha mpakani, na kupitisha mzigo wenye karatasi kumekuwa rahisi kuliko zamani. Anayepita porini usiku ana sababu yake, na sababu hiyo unainunua wewe.

2. Kuchanganya mgeni na wenyeji siku ya kwanza.

3. Kuchoma dawa kwa kubahatisha. Tena angalia: chanjo ya homa ya mapafu ni ya kimelea hai. Ukimchoma ng'ombe antibayotiki siku zile zile za chanjo, unaweza kuiua chanjo yenyewe, ukabaki unaamini amekingwa. Wengine huvimba pale walipochomwa chanjo. Ukiona hivyo mwite mtaalamu, usijitibie.

4. Kumtoa ng'ombe mgonjwa ili asikufie mikononi. Atamfia mwenzako, na mwenzako naye atamtoa.

Mwaka 2025 serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, na homa ya mapafu ya ng'ombe ni mojawapo ya magonjwa yaliyolengwa. Wenye kusema hereni ni usumbufu, nawaambia hivi: kama wale madume sita wangekuwa na hereni, tungejua walitoka zizi gani, na huenda majirani wa huko wangeokoa ng'ombe wao.

Kuhusu swali lenu: uchuuzi au ufugaji? Kama mtaji wako ni mdogo na hujui ng'ombe, tembea kwanza na wachuuzi waaminifu, wenye vibali, ujifunze bei na jicho. Ukianza kufuga, njoo na elimu hiyo, lakini ile kanuni ya tatu ya Mzee iache getini. Ng'ombe wa mfugaji lazima alale. Alale peke yake kwanza, mpaka umjue.

Mwezi uliopita nilikwenda na kaka kwa yule mama mjane. Anataka kunenepesha maksai wawili, na kaka amekubali kumwonyesha namna ya kupima chakula. Mama alitukaribisha uji. Kaka akaanza kuzungumza bei ya mashudu, mama akamkatiza: "Kabla ya mashudu, niambie kwanza hao maksai nitawanunua kwa nani." Kaka akacheka, akafungua daftari.

Kazi njema, na wiki hii kawahesabu wageni walioko zizini kwako. Kama kuna usiyejua ametoka wapi, mtenge leo, na umwite bwana mifugo wa kata yako amtazame.